Safari ya Nairobi na New York: Masafa Yake na Hisabu ya Saa Zake

Mtu anayekusudia kusafiri kwa ndege kutoka Nairobi hadi New York, akiwa mwanafunzi aendaye kusoma, au mzazi aendaye kumtazama mjukuu aliyezaliwa ughaibuni, au mfanyabiashara aliyeitwa na wenziwe, aghalabu huuliza mambo mawili kabla ya yote: masafa ni kiasi gani, na njiani atakaa muda gani. Jawabu fupi ni kwamba kati ya Uwanja wa Jomo Kenyatta ulioko Embakasi na Uwanja wa John F. Kennedy ulioko upande wa Queens, kwa njia iliyo fupi kuliko zote, pana kilomita 11,840 hivi, ambazo ni maili 7,360 za nchi kavu, au maili 6,390 za baharini ambazo ndizo wazitumiazo marubani. Na kwamba ndege isiyotua njiani huchukua takriban muda wa saa kumi na tano kwenda na saa kumi na nne kurudi. Lakini jawabu hilo halimtoshi msafiri, maana tiketi atakayopewa itamwonyesha saa zinazoonekana kuwa ni nyingine kabisa, nao watakaompokea watakuwa wakihisabu majira mengine, na kosa la hisabu hapa humgharimu mtu nauli nzima. Kwa hiyo nataka, msomaji wangu, nikuonyeshe namna ya kuihisabu safari hii wewe mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na masafa. Ukiitandika ramani ya dunia juu ya meza na kuweka rula kati ya miji hii miwili, mstari wako utaiacha pwani ya Afrika huko Mauritania, kisha utaikata bahari ya Atlantiki moja kwa moja. Njia ya ndege ni nyingine. Dunia ni tufe, na njia fupi baina ya nukta mbili juu ya tufe ni ile ya duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Chukua tufe la shuleni, ushike uzi, uuvute mpaka ukaze baina ya Nairobi na New York, nawe utaona uzi unatoka Nairobi ukielekea kaskazini magharibi, unapita Uganda, Sudan Kusini, Darfur, Chad, Niger na jangwa la Algeria, unaingia Moroko, na kuiacha nchi kavu kusini ya Casablanca. Kisha unapita jirani na visiwa vya Azores vya Wareno, unazidi kupanda mpaka kufikia latitudo ya 42, kusini ya Newfoundland, na kutoka hapo unateremka kidogo kuifuata New York. Anayefuata mstari wa rula kwa dira isiyogeuka ataongeza kilomita zipatazo 350, ambazo kwa mwendo wa ndege ni dakika ishirini na ushei pamoja na mafuta mengi. Na ikiwa mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, basi safari hii peke yake ni kama sehemu tatu katika kumi za kuizunguka dunia nzima.

Hiyo lakini ni njia ya hisabu, ilhali njia ya kweli hupindapinda. Wapangao safari hutazama pepo za siku ile, dhoruba, ruhusa za nchi zinazopitwa, na amani ya nchi hizo pia. Vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, anga ya nchi ile ilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege zilizokuwa zikipita juu yake zikalazimika kuizunguka. Kwa hivyo ukiambiwa na mmoja kuwa umbali ni kilomita 11,840, na mwingine akasema kuwa ndege ilikwenda kilomita 12,300, usidhani mmoja wao amekudanganya: wa kwanza amepima dunia, na wa pili amepima ndege ilikopita.

Kupata muda kutokana na masafa kuna kanuni nyepesi ambayo naipendekeza kwa kila msafiri, nayo ni kugawanya kilomita kwa 850 na kuongeza nusu saa. Ndege kubwa za siku hizi huenda mwendo wa kilomita 900 hivi kwa saa zikiwa juu, ila kupaa, kushuka na kungoja zamu hupunguza wastani, na nusu saa ile ni ya kutambaa ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua. Ijaribu kanuni hii kwa safari zinazojulikana: Nairobi na London ni kilomita 6,840, nawe utapata muda wa saa nane na nusu na kidogo, Unguja na Muscat ni kilomita 3,900 hivi, nawe utapata muda wa saa tano na dakika chache, na wanaozisafiri njia hizo watakuambia kuwa ndivyo. Ukiitumia kwa New York utapata muda wa saa kumi na nne na dakika ishirini na tano, ambao uko katikati ya muda wa kwenda na wa kurudi.

Kwa nini basi kwenda kuzidi kurudi, ilhali masafa ni yale yale? Wengi husema kwa haraka kuwa dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwamba ndege iendayo magharibi ingepaswa kufika mapema kwa kuwa mji unaijia. Hoja hiyo ina makosa mawili, maana hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Tena mambo huwa kinyume, kwani aendaye magharibi ndiye achelewaye. Sababu ya kweli ni pepo za juu. Katika kimo cha kilomita tisa hadi kumi na mbili, katika latitudo za kati za kaskazini, huvuma mkondo wa upepo wenye nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao mara nyingine hupita kilomita 200 kwa saa, na ambao huzidi nguvu wakati wa kipupwe cha huko. Ndege itokayo Nairobi huupata mkondo huo usoni ikiwa juu ya Atlantiki, na irudipo huupata mgongoni. Ndiyo maana nahodha huweza kutangaza siku moja kuwa mtafika dakika arubaini kabla ya wakati, na siku nyingine kuwa mtachelewa, bila ya yeyote kufanya uzembe.

Kuna na jambo la Nairobi lenyewe, ambalo watu wa pwani hawalizingatii. Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ilhali ule wa New York, uliofunguliwa mwaka 1948 kandokando ya ghuba ya Jamaica, uko mita nne tu. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa nyepesi haizibebi mbawa wala hailishi injini kama hewa nzito ya ufukweni. Basi ndege iliyojaa mafuta ya kwenda kilomita elfu kumi na mbili hutaka njia ndefu ya kurukia, na hutaka pia ubaridi, kwa kuwa ubaridi huipa hewa uzito. Kuondoka usiku husaidia katika jambo hilo, na fauka ya hayo humfikisha abiria asubuhi, siku nzima ikiwa mbele yake. Safari hii ya moja kwa moja ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, shirika la Kenya Airways liliporusha ndege aina ya Boeing 787-8, iwezayo kwenda kilomita 13,600 hivi bila kutua. Na ilibidi kwanza Kenya ipate daraja ya juu ya usalama wa anga kwa Wamarekani, daraja iliyopatikana Februari 2017. Kabla ya hapo kila mtu alishuka njiani mahali fulani. Na atakayeona muda wa saa kumi na tano kuwa ni mrefu na akumbuke kuwa jahazi liitwalo Sultana, alilolituma Sultani Seyyid Said likiwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, liliondoka Unguja Februari 1840 na kutia nanga New York tarehe 30 Aprili.

Sasa tuje kwenye tiketi, ambayo ndiyo shina la mambo yote. Kila saa iliyoandikwa katika tiketi ni saa ya mji unaohusika: ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, na ya kufika ni ya mji unaofika. Tuchukue mfano wa mwezi wa Januari. Tiketi inasema kuwa ndege inaondoka Nairobi Jumatatu 23:30, na inafika New York Jumanne 06:30. Asiyejua ataona kuwa ni mwendo wa saa saba tu, nami nimewasikia watu wazima wakibishana kuwa Marekani si mbali kuliko London. Afrika Mashariki imetangulia New York kwa saa nane wakati wa kipupwe cha huko. Basi ile 06:30 ya New York ni 14:30 ya Nairobi, na kutoka 23:30 ya Jumatatu hadi 14:30 ya Jumanne ni muda wa saa kumi na tano kamili. Wakati wa kurudi tiketi itasema, mathalani, kuondoka New York Jumatano 12:30 na kufika Nairobi Alhamisi 10:30, na hapo utaona mwendo wa saa ishirini na mbili, hata mzee wa watu akaingiwa na hofu. Toa zile nane, zitabaki kumi na nne.

Na ikiwa hukumbuki tofauti ya saa kati ya miji miwili, iwe miji yoyote ile duniani, basi ipo njia ya kuupata muda wa safari bila ya kuijua tofauti hiyo, nayo kwangu ni hisabu yenye uzuri wake. Jumlisha muda unaoonekana katika tiketi ya kwenda na unaoonekana katika tiketi ya kurudi, kisha ugawe kwa mbili. Saba na ishirini na mbili ni ishirini na tisa, na nusu yake ni kumi na nne na nusu. Huo ndio wastani wa kila upande, kwa kuwa saa nane zilizopunguzwa wakati wa kwenda ndizo zilizoongezwa wakati wa kurudi, nazo zimefutana.

Tofauti yenyewe haikai mahali pamoja. Sisi hatugeuzi saa zetu, ila Wamarekani husogeza zao mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, na huzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Basi kati ya Machi na Novemba tofauti ni saa saba, na miezi iliyobaki ni nane. Mwenye kusafiri karibu na siku hizo mbili na aitazame tiketi upya wiki moja kabla, maana mwenye kumpokea aweza kuja saa nzima mapema au saa nzima baadaye.

Kwetu tunaohisabu saa kwa jua kuna hatua moja zaidi, nayo hutaka utulivu. Tiketi huhisabu kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane mwingine, kwa saa ishirini na nne. Basi 23:30 ni saa tano na nusu ya usiku, na 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Hapo hapana taabu. Taabu iko kwa ndege ziondokazo baada ya usiku wa manane, ambazo ni nyingi katika viwanja vyetu. Nimeshuhudia mlangoni pa Embakasi jamaa waliomleta mama yao na masanduku mawili yaliyofungwa kamba, Jumanne baada ya sala ya isha, na tiketi mkononi imeandikwa Jumanne 00:40. Na ndege ile ilikuwa imeondoka tangu usiku wa kuamkia Jumanne hiyo, karibu mchana mzima na usiku mmoja nyuma yao. Wazee wa pwani, ambao siku kwao huanza jua linapotua, wasingekosea, kwa sababu usiku wa Jumanne kwao ni ule unaoutangulia mchana wa Jumanne, na tiketi inakubaliana nao. Aliyezoea kalenda ya ofisini ndiye ahisabuye usiku unaoufuata. Shurti uandike kwa maneno kamili, juu ya karatasi utakayoibandika ukutani: tunatoka nyumbani Jumatatu jioni, ndege inaruka usiku wa kuamkia Jumanne.

Usiku wa safari hii nao ni wa ajabu. Mwezi wa Januari jua linatua Nairobi kabla ya saa moja ya usiku, ndege inaruka saa tano na nusu, na inakimbia magharibi mbele ya mapambazuko, hata inatua New York kukiwa bado giza, kwa kuwa jua la huko mwezi huo halichomozi mpaka saa moja na dakika ishirini ya asubuhi. Kwa hisabu ya Nairobi umekaa katika usiku mmoja kwa muda unaozidi saa ishirini. Wakati wa kurudi ni kinyume chake: unaondoka adhuhuri, na baada ya muda wa saa tatu hivi jua linakwisha kutua nyuma yako juu ya bahari. Mwislamu na azingatie hayo katika sala zake, akijua kuwa kurudi alasiri ni fupi mno na magharibi huja ghafla, na aulize mapema wenye ilimu juu ya ruhusa za msafiri za kupunguza na kukusanya sala, na juu ya saumu ikiwa ni Ramadhani. Mwenye kutumia dawa kwa saa maalumu, hasa mgonjwa wa sukari anayejidunga sindano, amwendee tabibu wake na ratiba ya safari mkononi kabla ya kuondoka, na dawa zote azichukue katika mkoba wa mkononi.

Mwili nao una hisabu yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kuwa hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu huongezeka takriban maradufu katika safari za saa nne au zaidi ambazo mtu hukaa bila kujongea. Hatari yenyewe ni ndogo kwa mtu mzima wa afya, lakini mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni na aliyewahi kuugua ugonjwa huo wana haki ya kumwuliza daktari. Inuka, tembea katika ujia, kunyoosha vifundo vya miguu usikuache, na kunywa maji mara kwa mara. Usingizi utakusumbua ukifika, na zaidi utakaporudi, maana kwenda mashariki humsumbua mtu kuliko kwenda magharibi. Usijiwekee shughuli nzito katika siku mbili za mwanzo.

Asiyepata nafasi ya moja kwa moja, au akaona nauli yake ni ghali, atapitia mji mwingine, na hapo kanuni ya 850 itamfaa sana. Kupitia Amsterdam ni kilomita 12,530 hivi kwa jumla, yaani nyongeza ya kilomita mia saba tu, kwa kuwa mji ule hauko mbali sana na njia. Kupitia Dubai ni kilomita 14,580, nyongeza inayozidi kilomita 2,700, kwa kuwa unaanza kwa kwenda mashariki ilhali mwendo wako ni wa magharibi. Ila angani sipo mahali pa kupotezea muda mwingi. Muda hupotea katika kungoja. Tazama saa za kungojea ziko ngapi, nazo zisipungue mbili wala, ukiweza, zisizidi tano. Na ukate safari yote katika tiketi moja, kwa sababu mwenye tiketi mbili mbalimbali akikosa ndege ya pili kwa kuchelewa ya kwanza, hasara ni yake.

Hisabu ya mwisho ni ya mlango kwa mlango. Mkazi wa Mombasa ana masafa ya zaidi ya kilomita 400 kabla hajafika Embakasi. Kwa ndege ni kama saa moja, na kwa treni ya kutoka Miritini ni tano au sita, nayo humshusha Syokimau, si mbali na uwanja. Namshauri achukue treni ya asubuhi hata kama ndege ni ya usiku, kwa kuwa ya alasiri humwachia nafasi finyu mno. Awe uwanjani muda wa saa nne kabla ya kuruka, maana abiria wa Marekani hukaguliwa mara nyingi zaidi kuliko wengine. Bizari, unga wa muhogo na vitu vya ungaunga vinavyozidi mililita 350 haviruhusiwi kwa wepesi katika mkoba wa mkononi tangu katikati ya mwaka 2018. Vitie katika sanduku kubwa, na ukifika uvitaje vyote, kwani kutaja huchukua dakika chache na kuficha huleta faini. Nyama na matunda mabichi yaache nyumbani.

Ikiwa New York si mwisho wako, na unaendelea hadi Columbus au Minneapolis au Dallas, fahamu kuwa sanduku lako, hata likibandikwa jina la mji wa mwisho, utalichukua mwenyewe uwanjani Kennedy baada ya uhamiaji, utapita nalo forodha, kisha utalikabidhi tena. Safu za uhamiaji asubuhi ni ndefu. Usikubali ndege ya kuendelea iliyo chini ya muda wa saa tatu. Na utakaporudi, mwandikie anayekuja kukupokea siku ya kufika, wala usimwandikie ile ya kuondoka: Alhamisi, saa nne na nusu ya asubuhi, saa za Nairobi, pamoja na tarehe ya mwezi na nambari ya ndege, naye akuhisabie saa moja zaidi ya kungojea mizigo kabla hajaanza kukutafuta.